Mpangilio wa maswali kwenye dodoso na kikomo cha Bell: vinahusiana kweli?

Neema_Utafiti

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba kueleweshwa jambo moja. Limenikwamisha kwenye sura ya nne ya tasnifu yangu ya shahada ya pili (saikolojia ya jamii).

Utafiti wangu unahusu imani ya wananchi kwa viongozi wa ngazi ya chini. Dodoso lina maswali mengi, ila mawili ndiyo yananisumbua: "Je, mwenyekiti wa kijiji chenu ni mtu mwaminifu?" na "Je, diwani wa kata yenu ni mtu mwaminifu?" Mtu anajibu ndiyo au hapana. Nusu ya kaya tuliziuliza kuhusu mwenyekiti kwanza, nusu kuhusu diwani kwanza, kila toleo na karatasi ya rangi yake ili wadodosaji wasichanganye. Kaya ipi ipate toleo lipi iliamuliwa kwa kura.

Majibu yametofautiana, na nimeshapima, si kwa bahati. Diwani akiulizwa wa pili anapata "ndiyo" nyingi kuliko akitangulia. Mwenyekiti ni kinyume chake: akitanguliwa na diwani, anashuka. Baadhi ya mahojiano nilifanya mwenyewe, na jambo hili unaliona likitokea mbele yako. Kuna mama alikuwa anapepeta mchele huku namhoji. Mwenyekiti? "Ndiyo," haraka, hata macho hakuinua. Diwani? Ungo ukasimama. Akafikiri, kisha akasema, "Haya, na yeye mwandike ndiyo. Si ndio wanaokaa vikao pamoja?" Naamini kabisa ningeanza na diwani jibu lisingekuwa hilo.

Siku ya kuwasilisha, mjumbe mmoja wa jopo akaniambia matokeo haya yanaonyesha kanuni za kawaida za uwezekano zimeshindwa, kwamba akili ya binadamu inafuata fizikia ya kwanta, nikasome kikomo cha Bell na Nobel ya 2022, kisha niiandike sura upya kwa msimamo huo. Nimesoma. Nimekutana na Clauser, Aspect na Zeilinger, wanafizikia walioipata Nobel hiyo, nimekutana na kikomo cha 2 na vipimo vinavyokipita. Ila sioni yule mama anaingilia wapi humo. Mwenye kuelewa pande zote mbili anisaidie, kwa Kiswahili cha kawaida tafadhali.

MwalimuNuru

Dada Neema, hongera kwanza. Kugawa matoleo mawili kwa kura wengi hawafanyi, na ndiko kunakokupa haki ya kusema lolote kuhusu mpangilio. Nafundisha fizikia chuo cha ualimu na suala hili nalipenda sana, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Msimamo wangu nautoa mapema: usiandike alivyotaka mjumbe. Majibu yako hayajavunja kanuni yoyote ya uwezekano, na kilichompata yule mama si kile kilichopimwa maabara.

Tuanze na maabara. Wanafunzi wangu nawaonyesha kwa zile plastiki nyembamba za kuchuja mwanga zilizobandikwa kwenye kioo cha kikokotoo. Kikokotoo kikifa, usikitupe. Loweka kioo kwenye maji ya uvuguvugu, bandua taratibu kwa wembe. Pata mbili. Ukiziweka sambamba na kutazama dirishani, mwanga unapita. Zungusha moja nyuzi 90, giza. Zungusha nyuzi 60, unapita mwanga hafifu: robo ya ule uliokwisha kupita plastiki ya kwanza. Hiyo robo ishike, tutairudia.

Sasa chukua chanzo kinachotoa fotoni (chembe za mwanga) mbilimbili zilizofungamana, yaani zilizozalishwa pamoja na majibu yao yanahusiana. Moja inakwenda kituo A, nyingine kituo B, mbali na mbali. Kila kituo kina kichujio kinachoweza kuwekwa kwenye nyuzi 0, 60 au 120. Tuziite hizo maswali matatu. Fotoni ina majibu mawili tu: imepita au imezuiwa. Nadharia ya kwanta inasema mambo mawili. Vituo vikiuliza swali moja, majibu yanafanana daima. Vikiuliza maswali tofauti, majibu yanafanana mara moja kati ya nne. Ndiyo ile robo.

Jiulize: kama majibu yanafanana daima kwa swali moja, si ina maana fotoni hizo zimeondoka na majibu ya maswali yote matatu yameshaandikwa? Mtu yeyote angefikiri hivyo. Haya, tuandike. Kwa mfano: kupita, kupita, kuzuiwa. Au kuzuiwa, kupita, kuzuiwa. Andika unavyotaka, lakini angalia: majibu ni matatu na aina za jibu ni mbili, kwa hiyo lazima angalau mawili yafanane. Hakuna namna ya kuyatofautisha yote matatu. Jozi za maswali tofauti ni tatu (0 na 60, 60 na 120, 0 na 120), na kwa kila mstari unaouandika angalau jozi moja inafanana. Kwa hiyo, maadamu vituo vinachagua maswali kwa nasibu, wastani wa kufanana hauwezi kushuka chini ya theluthi moja. Fotoni zinatoa robo.

Soma aya hiyo mara mbili kama ni lazima. Hakuna hesabu zaidi ya hapo, na kiini cha alichokionyesha John Bell mwaka 1964 kimo humo. Toleo linalotumika zaidi maabara ni la Clauser, Horne, Shimony na Holt la 1969, lenye maswali mawili kila upande: unakokotoa alama moja kutokana na majibu kufanana au kutofautiana; majibu yaliyoandikwa tangu mwanzo hayawezi kuvuka 2, kwanta inaruhusu hadi kama 2.83. Delft, Uholanzi, mwaka 2015, walitumia elektroni ndani ya almasi mbili zilizotengana kilomita 1.3 wakapata 2.42.

Je, uwezekano umevunjika hapo? Hapana, na ndipo mjumbe wako alipochanganya. Kwa kila jozi ya maswali unayouliza kweli, una jedwali safi la uwezekano: namba zake ni chanya, jumla yake ni 1, kila kitu ni kama mwanahisabati Kolmogorov alivyoweka kanuni za uwezekano mwaka 1933. Kisichowezekana ni kuyaunganisha majedwali yale kuwa jedwali moja kubwa lenye majibu ya maswali yote kwa pamoja, yakiwemo yale ambayo hayakuulizwa. George Boole, yule wa mantiki, aliandika masharti ya aina hii mwaka 1862, zaidi ya miaka mia kabla ya Bell, na fotoni zilizofungamana hakuzijua. Mwaka 1982 Arthur Fine alithibitisha kwamba, kwa jaribio lile la maswali mawili kila upande, kutovuka vikomo hivi na kuwepo kwa jedwali moja kubwa ni kitu kilekile. Kwa hiyo kikomo cha Bell ni kipimo cha swali hili: je, majedwali haya madogo yanaweza kuwa vipande vya jedwali moja?

Sasa njoo kwako. Kinachofanya matokeo ya Delft yawe ya ajabu ni sharti la pili ambalo watu wa saikolojia mara nyingi wanalipita haraka. Kituo A wakitazama majibu yao peke yao, kwa nadharia wanaona uwiano uleule, hata B wakiuliza swali lipi. Na Delft walihakikisha: kipimo kiliisha kabla hata mwanga haujavuka ile kilomita 1.3, safari ya kama sekunde nne na kitu za milioni. Hakuna jibu la upande mmoja linaloweza kuwa limesikia swali la upande wa pili.

Yule mama amelisikia swali la kwanza. Alilisikia, akalikumbuka, akalitumia kujibu la pili, na akakueleza kwa mdomo wake kwamba amelitumia. Uwiano wa "ndiyo" za diwani umebadilika kulingana na kilichotangulia. Kwa uwezekano wa kawaida hilo halina shida hata kidogo: "diwani akiulizwa wa kwanza" na "diwani akiulizwa baada ya mwenyekiti" ni vitu viwili, kila kimoja na uwezekano wake. Hakuna kanuni inayosema lazima vilingane.

Hauko peke yako. Gallup, kampuni ya kura za maoni huko Marekani, Septemba 1997, waliuliza kama Rais Bill Clinton ni mwaminifu na wa kuaminika, na kama makamu wake Al Gore ni hivyo. Clinton akitangulia alipata 50%, akifuata baada ya Gore 57%. Gore akitangulia 68%, akifuata baada ya Clinton 60%. Mwenyekiti wako ndiye Gore, diwani wako ndiye Clinton. Pengo la 18 linabaki 3, kwa kubadili mpangilio tu.

Kizito_M

Uzi mzuri huu. Mwalimu, nimewahi kusikia kuna wanasaikolojia waliovuka kikomo cha 2 kwa kuuliza watu maswali kuhusu wanyama. Hiyo vipi? Na lile swali la Linda karani wa benki?

MwalimuNuru

@Kizito_M, Linda ni habari nyingine kabisa. Tversky na Kahneman (1983) walieleza sifa za mwanamke, kisha wakauliza lipi lina uwezekano zaidi: kwamba ni karani wa benki, au kwamba ni karani wa benki na pia mwanaharakati wa haki za wanawake. Kama 85% walichagua la pili, jambo lisilowezekana kwa sababu makarani wanaharakati wote ni makarani. Pale watu wanakadiria uwezekano vibaya. Hakuna kikomo cha Bell.

La wanyama nalifahamu, na ni mfano bora kuliko wote kwa Dada Neema. Ni jaribio la Diederik Aerts na Sandro Sozzo la mwaka 2011, watu 81. Unachagua mnyama na mlio wake kwa pamoja. Wanyama wanakuja kwa jozi: ama farasi au dubu, ama chui milia au paka. Milio nayo kwa jozi: ama kunguruma au mlio wa farasi, ama kukoroma puani au kulia nyau. Ukikokotoa kama inavyokokotolewa kwa fotoni unapata takriban 2.42. Ndiyo, karibu namba ileile ya Delft. Mtu akiiona bila kufungua majedwali anaweza kushtuka.

Fungua majedwali. Pale wanyama walipokuwa farasi na dubu, waliochagua kunguruma walikuwa kama 31%. Pale walipokuwa chui milia na paka, kunguruma kukapanda hadi kama 86%. Bila shaka! Farasi akiwepo, watu wengi wanachukua mlio wa farasi. Chui milia akiwepo, ananguruma. Uchaguzi wa mlio umeathiriwa moja kwa moja na wanyama waliowekwa mezani. Lile sharti la pili halipo, kwa hiyo kuvuka 2 hapo hakusemi alichosema Bell.

Ehtibar Dzhafarov wa Chuo Kikuu cha Purdue na Janne Kujala wa Finland walitengeneza njia ya kupima hili kwa haki: kwanza unahesabu ni kiasi gani uwiano wa kila swali umebadilika kwa sababu ya swali mwenzake, unakiondoa, kisha unatazama kama kuna kinachobaki. Walirudia data nyingi za saikolojia kwa njia hiyo, za wanyama zikiwemo, na kilichobaki hakikuvuka. Baadaye, mwaka 2018, Víctor Cervantes na Dzhafarov wakapanga jaribio la kuchagua wahusika na sifa zao kutoka ngano ya Malkia wa Theluji, na hapo wakapata kinachobaki hata baada ya kuondoa. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Lakini ule ni mpango uliobuniwa makusudi, si dodoso lenye maswali mawili yaliyogeuzwa.

Kipimo254

Mwalimu, nimesoma kwa makini na kuhusu Bell sina ubishi. Ila umewapunja watafiti wanaotumia hesabu ya kwanta kueleza majibu ya watu. Mimi ni mtakwimu, niko Nairobi. Zheng Wang na Jerome Busemeyer hawakusema ubongo una fotoni zilizofungamana. Wanasema wazi kwamba wanaazima hesabu ya kwanta, si fizikia yake. Andrei Khrennikov kule Växjö, Uswidi, naye husema hivyohivyo. Na hesabu ile ilitabiri kitu kabla ya kuangalia data, bila kurekebisha namba hata moja: jumla ya waliojibu mamoja (ndiyo-ndiyo na hapana-hapana) lazima iwe ileile katika mipangilio yote miwili, hata kama kila swali peke yake limepanda au kushuka.

Angalia Clinton na Gore uliowataja. Kila mmoja amesogea asilimia saba au nane. Lakini waliojibu mamoja ni kama 78% mpangilio huu na kama 78% mpangilio ule. Kisha mwaka 2014 Wang, Busemeyer na wenzao wakapima tafiti 70 za kitaifa za Marekani, nyingi zikiwa na watu zaidi ya elfu moja, na usawa ule ukakaa. Hilo si la kupita juu juu. Neema anaweza kulipima kesho asubuhi kwa data aliyonayo.

MwalimuNuru

Kaka Kipimo, asante, na nakubali usawa ule ni ugunduzi wa kweli. Dada Neema, upime. Ningeuweka kwenye tasnifu kabla ya neno lolote kuhusu Bell.

Ninachopinga ni kusema kwamba kwanta pekee ndiyo inayoweza kuutoa. Mchukue yule mama wa ungo. Chukulia kuna fungu la watu wa namna yake, ambao jibu la pili wanalilinganisha na la kwanza, na fungu hilo ni kubwa sawa katika matoleo yote mawili, maana uligawa kwa kura. Waliobaki wanajibu kila swali kwa maoni yao bila kujali lililotangulia. Fungu la kwanza wote wanajibu mamoja, uanze na nani, umalize na nani. Fungu la pili mpangilio hauwagusi, kwa hiyo kiasi chao cha kujibu mamoja hakibadiliki. Jumlisha: waliojibu mamoja ni walewale pande zote mbili. Wakati huohuo diwani akifuata anapanda kwa sababu anarithi "ndiyo" za mwenyekiti, na mwenyekiti akifuata anashuka kwa sababu anarithi "hapana" za diwani. Umepata usawa wa Wang na Busemeyer, na umepata mwelekeo wa matokeo yako, kwa uwezekano wa kawaida mtupu. David Kellen, Henrik Singmann na William Batchelder walichapisha hoja ya namna hii mwaka 2018, kwa ukamilifu kuliko mimi: modeli za kawaida zinazotoa usawa uleule.

Kwa hiyo usawa ukikaa kwenye data yako, hujathibitisha kwanta wala hujaikana. Umeonyesha kwamba mpangilio unahamisha watu kwa namna yenye utaratibu, na una shahidi, yaani yule mama, anayekuambia utaratibu huo ni upi. Wengi wenye namba za Gallup hawana shahidi wa namna hiyo. Nukuu yake iingie kwenye tasnifu.

Swali moja kabla hujapima. Kati ya swali la mwenyekiti na la diwani, mlisoma chochote kwa mhojiwa? Utabiri ule unahitaji pasiwe na taarifa mpya katikati. Kwenye tafiti za Gallup kuna moja ya wachezaji wa besiboli, Pete Rose na Shoeless Joe Jackson, ambapo mhojiwa alisomewa historia fupi ya mchezaji kabla ya kuulizwa juu yake. Ndiyo iliyokataa kutii usawa, na Wang na Busemeyer wenyewe waliitaja kwa sababu hiyo.

Neema_Utafiti

Mwalimu, Kaka Kipimo, sijui niwashukuruje. Ile ya fotoni nimeiandika kwenye daftari kwa mkono, mistari yote minane inayowezekana, na kweli kila mstari una jozi inayofanana. Sasa naelewa nilichokuwa nasoma.

Kuhusu swali lako: ndiyo, kuna maelezo. Kabla ya swali la diwani tunasoma sentensi mbili kuhusu kata na kazi za diwani, kwa sababu kwenye majaribio ya dodoso watu walimchanganya na mtendaji wa kata. Kabla ya swali la mwenyekiti hatusomi kitu, kila mtu anamjua. Kwa hiyo toleo moja lina maelezo katikati ya maswali mawili, na toleo lingine maelezo yanatangulia yote. Naona hapo usawa unaweza kuvunjika kwa sababu ya sentensi hizo tu.

Nitapima hata hivyo, na nitaandika wazi kwamba maelezo yalikuwepo. Bado kuna kata ambayo hatujaingia. Nikihamisha zile sentensi mbili ziwe mwanzoni mwa matoleo yote, kabla ya swali lolote kati ya haya, kata hiyo inafaa kusimama peke yake kama kipimo, au nitahitaji kaya nyingi zaidi?

Kipimo254

Hamisha, hiyo ni sahihi. Kuhusu idadi: unalinganisha asilimia mbili za waliojibu mamoja, na unataka kusema *zinalingana*, jambo linalohitaji watu wengi kuliko kusema zinatofautiana. Ukiwa na kaya 200 kila toleo, na waliojibu mamoja wakiwa karibu 78% kama wale wa Gallup, tofauti inaweza kuyumba kama asilimia 8 huku au huku kwa nasibu tu. Hapo hutaweza kutofautisha usawa na kukosekana kwa usawa. Nitumie idadi ya kaya za kata hiyo tukokotoe pamoja kabla hujachapisha madodoso.